Kisahani Cheupe cha Uzaramo

Mwaka 1857 Richard Burton na mwenzake John Hanning Speke waliondoka Kaole, kusini kidogo ya Bagamoyo, wakaelekea bara kulitafuta ziwa ambalo leo tunaliita Tanganyika. Walipoyapa kisogo makazi ya pwani, nchi ya kwanza waliyoingia ilikuwa Uzaramo. Burton hakuwapenda Wazaramo hata kidogo. Kitabu alichokichapisha London mwaka 1860 kinawasema kuwa ni wakorofi, wapenda hongo, watu wa kuzuia misafara njiani mpaka walipwe. Ukikisoma ukiwa Mzaramo unaweza kukifunga ukurasa wa tatu ukaenda kunywa chai.

Lakini Burton, pamoja na mdomo wake mchafu, alikuwa na jicho. Akishamaliza kutukana, anaanza kuhesabu: nguo gani, shanga za rangi gani, nywele zimepakwa nini. Na hapo katikati, kama mtu anayeandika orodha ya vitu dukani, anataja visahani vyeupe vilivyotengenezwa kwa kitako cha gamba la baharini. Anasema Wazaramo walivaa kimoja kwenye paji la uso, au viwili shingoni. Halafu anaendelea na bangili, na ule ukosi wa shanga uliowabana shingo uitwao mgoweko, na mambo mengine.

Sentensi yenyewe ni hiyo moja tu. Mimi imenikalia kichwani miaka miwili sasa.

Kwa upande wa mama mimi ni mtu wa Kurui, huku Kisarawe. Anayeijua Kurui anajua kwamba bahari huioni. Unaona mikorosho, mihogo, barabara ya vumbi, na bodaboda wanaokutoza kulingana na jinsi ulivyovaa. Ramani inatuweka Mkoa wa Pwani, lakini pwani ya Kurui ni ya kwenye karatasi. Shuleni tulifundishwa kwamba historia ya bahari ni ya Bagamoyo, Kilwa na Zanzibar. Sisi tulibaki na ngoma na unyago. Sasa huyu Mwingereza asiyetupenda anatuambia kwamba babu zetu walitembea porini na kipande cha bahari katikati ya paji la uso. Kilifikaje? Kwa bei gani? Na kwa nini kipande hicho, si kingine?

Tuanze na mwenyewe, yaani yule aliyevuliwa gamba.

Ni konokono wa baharini ambaye gamba lake lina umbo la pia, ile pia ya watoto ya kuzungusha kwa kamba. Upande mmoja umechongoka, upande wa pili ni mpana, wakati mwingine umelala tambarare kabisa, na juu yake kuna mstari unaojizungusha kutoka katikati kwenda nje. Wataalamu wanamwita Conus, na waandishi wa Kiswahili wengine wanamwita konokono koni. Aina zake duniani ni mamia kadhaa, na nyingi zinaishi kwenye miamba ya matumbawe na michanga iliyo karibu nayo, kutoka Afrika Mashariki mpaka visiwa vya Pasifiki. Huku kwetu wamo pia.

Kwa kumtazama utadhani ni mpole. Anakwenda polepole, mchana mara nyingi amejifukia mchangani, hana meno ya kutisha. Kumbe ni mwindaji. Ana mrija anaoweza kuurefusha, na ndani yake huchomeka jino moja lililo tupu katikati kama sindano ya hospitali, lenye ncha ya kunasa kama chusa. Akimgusa mnyama aliyemlenga, anamchoma na kumpiga sumu papo hapo. Aina nyingi hula minyoo ya baharini. Nyingine hula konokono wenzao. Chache hula samaki, na hapo ndipo ajabu ilipo: mnyama asiyeweza kumkimbiza hata kaa mgonjwa anamla samaki mzima, kwa sababu samaki akishachomwa anapooza kabla hajapiga mkia mara mbili. Aina moja ya wala samaki, Conus geographus, haina haja hata ya kuchoma kwanza. Mwaka 2015 watafiti walieleza kwamba inamwaga majini insulini inayofanana na ya samaki wenyewe. Sukari ya samaki inashuka, wanalegea kama walevi, naye anawafunika kwa mdomo wake uliopanuka kama wavu.

Huyo huyo ndiye aliyewahi kuua watu. Taarifa ya zamani inayojulikana zaidi iliandikwa na Georg Rumphius, Mjerumani aliyewatumikia Waholanzi katika visiwa vya Molukasi, na kitabu chake kilitoka mwaka 1705 yeye akiwa ameshafariki. Alisimulia habari za mwanamke mtumwa wa Banda aliyemshika konokono wa namna hii mkononi, akaona anawashwa kidogo tu, kisha akafa. Naitaja kwa sababu karibu kila mahali historia ya konokono hawa inapoanza, wanaoonekana wanamwinua kutoka majini ni wanawake na watumwa. Wenye kuandika vitabu walikuwa ufukweni.

Ila ukweli usemwe: magamba yaliyofaa kwa visahani hayakuwa ya muuaji. Huyo wa samaki gamba lake ni jembamba, ukiligonga linavunjika. Fundi wa visahani alitaka gamba kubwa, zito, lenye kitako kipana cha kukaa kama sahani, mfano wa yule mwenye madoa kama chui, Conus leopardus, ambaye anaweza kufika urefu wa sentimita 20 na zaidi kidogo. Huyo chakula chake ni viumbe laini kama minyoo wanaokaa mchangani. Wakati maji yamekupwa, hasa bamvua, mtu mwenye macho anaweza kumpata akiwa na kikapu tu. Lakini lazima ajue yupi ni yupi. Wote wana umbo la pia, na mrija wa yule mbaya unaweza kupinda na kufika upande wowote wa gamba, kwa hiyo hakuna mahali salama pa kumshikia.

Baada ya hapo kazi ni ya mikono. Nyama inatolewa, upande mpana unakatwa, unasagwa kwa jiwe na mchanga na maji mpaka kingo zinalainika, unatobolewa tundu katikati au pembeni, unapitishwa uzi. Konokono mmoja, kisahani kimoja. Hesabu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo inayoeleza kila kitu kilichofuata.

Mfananishe na simbi, yaani kauri. Simbi ni ndogo, zote ziko sawa, zinahesabika kwa maelfu, zinajazwa kwenye magunia. Katika miaka ya 1840 kampuni za Hamburg zilianza kuzibeba kutoka Zanzibar na pwani yetu kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa pesa halali sokoni. O'Swald alitajirika kwa biashara hiyo. Zilipelekwa nyingi mno, mpaka thamani yake ikaporomoka, na wenye akiba ya simbi kule wakabaki na mali ya kuchezea bao. Gamba la koni halikuweza kufanyiwa hivyo kwa urahisi. Halipatikani kwa kuzoa, na kila moja lazima fundi alikae chini alisage. Simbi ilikuwa chenji. Kisahani kilikuwa kitu cha kumtambulisha mtu.

Na kadiri kilivyokwenda mbali na bahari ndivyo kilivyozidi kuwa kikubwa, sizungumzii ukubwa wa kipimo. Wanyamwezi waliviita vibangwa, na kwao havikuwa pambo la kila mtu. Vilihusiana na utemi. Kwa Wakimbu, kusini ya Unyamwezi, Aylward Shorter, padri aliyechapisha historia yao ya kisiasa mwaka 1972, anaonyesha kwamba kisahani cha koni kilikuwa alama ya watemi, na kwamba baadhi ya koo hizo za kitemi zilikumbuka asili yake kuwa ni upande wa mashariki, Usagara. Yaani mtu ametoka upande wa bahari na gamba, amefika mahali ambapo hakuna aliyewahi kuonja maji ya chumvi, na watoto wake wametawala. Sisemi gamba peke yake lilitosha. Lakini lilikuwa ushahidi usio na mjadala kwamba huyu ana watu huko mbali.

Nenda mbali zaidi. Mwezi Januari 1854 David Livingstone alikuwa kwa mtemi Shinte, katika nchi ya Walunda, kaskazini-magharibi ya Zambia ya leo. Siku ya kuagana Shinte aliingia hemani, akafunga mlango, akamvika shingoni kitako cha gamba la koni lililotungwa kwenye uzi, kama uthibitisho wa mwisho wa urafiki. Livingstone akauliza bei, kama waandishi wote tunavyouliza. Akaambiwa visahani viwili vinanunua mtumwa, na vitano ni malipo mazuri kwa pembe ya ndovu yenye thamani ya pauni 10.

Nimesoma habari hiyo mara nyingi na kila mara nasimama hapo kwenye viwili. Tunapenda kusimulia biashara ya zamani kwa shanga na vitambaa, tunasema "walibadilishana bidhaa," inakuwa kama soko la Jumamosi. Vipande viwili vya gamba, vyote vinaenea kiganjani, na upande wa pili wa mizani kuna binadamu. Mimi sitaki kuandika juu ya uzuri wa vitu hivi bila kuiweka bei hiyo karibu.

Wala haikuanza karne ya 19. Mwaka 1960, mafundi waliokuwa wakichimba kwa ajili ya matangi ya maji huko Ingombe Ilede, kwenye bonde la Zambezi, walifukua makaburi ya matajiri wa miaka mia kadhaa nyuma. Kulikuwa na shaba, dhahabu, nguo, shanga, na visahani vya koni. Kimoja kiliwekewa bamba la dhahabu mgongoni. Hebu fikiria fundi huyo: ana dhahabu mkononi, na dhahabu ndiyo anaifanya iwe ya nyuma, gamba likae mbele.

Sasa turudi Uzaramo, maana hapa mambo yako tofauti na hapo ndipo utamu ulipo. Wazaramo hawakuwa na mtemi mkuu. Walikuwa na pazi, kiongozi wa eneo lake, na wakubwa wa vijiji, na kila mmoja alijiona bwana kwake. Burton havitaji visahani kama nembo ya pazi. Anavitaja katika mapambo ya watu. Mimi nasoma hivi: kile ambacho kule Unyamwezi kilikuwa cha watawala, huku kilikuwa cha yeyote aliyeweza kukilipia, kwa sababu sisi tulikuwa mwendo wa siku chache tu kutoka mwambani. Na Mzaramo wa wakati ule alikuwa na cha kulipia. Chini ya ardhi yake kulikuwa na sandarusi, ule utomvu wa miti ya kale uliogeuka jiwe. Aliichimba, akaipeleka kwa wafanyabiashara wa pwani, ikavuka kwenda Zanzibar, kisha Salem ya Marekani na Hamburg, ikawa vanishi ya kung'arisha samani za watu. Mchimbaji alirudi kwake na nguo, shanga, na labda kisahani kimoja cheupe.

Kwa hiyo huyo "mkorofi" wa Burton, aliyesimama njiani akidai hongo, alikuwa ndani ya biashara ya dunia kama alivyokuwa Burton mwenyewe. Alijua nguo ina thamani gani. Alijua pia kwamba msafara unapita kwenye shamba lake.

Vilipotelea wapi? Sababu nyingine ni za fasheni tu, kama zilivyopotea suruali za bugaluu. Lakini mbili nazipa uzito. Kwanza, Ulaya waliiga. Viwanda, hasa vya vioo huko Bohemia, vilitoa visahani vya kumimina kwenye kalibu, vyeupe, vyenye ule mstari wa kuzunguka, na vingine vilikuwa vya kauri ya vyombo. Kitu kilichopata heshima kwa sababu ni kimoja kwa konokono mmoja sasa kikawa kinakuja kwa katoni. Pili, Wajerumani walileta kodi ya nyumba mwaka 1898. Nyumba ya kawaida kijijini ilidaiwa rupia 3. Ukikosa pesa ulifanya kazi. Karani wa kodi hakupokea gamba, na mtu mwenye akili alianza kutunza kile ambacho karani anapokea.

Naingia sasa kwenye jambo la nyumbani, nililokuwa nalizungukia.

Mjomba wangu pale Kurui ana kisahani. Kipo kwenye kopo la Blue Band pamoja na sindano, vifungo na hati ya shamba. Kilikuwa cha bibi, ambaye alikikuta kwa mama yake. Nyumbani kilijulikana kama "ule mfupa." Kuna waliosema ni pembe ya ndovu. Binamu yangu mmoja, mtu wa mjini kama mimi, alikipiga picha akaituma kwa muuza vitu vya kale wa Dar es Salaam, na jibu likarudi: shilingi laki moja na nusu, kama ni chenyewe. Laki moja na nusu si mchezo kwa nyumba inayovuja. Binamu hakuwa mlafi, alikuwa anahesabu bati.

Tulikaa barazani tukikigeuzageuza. Nilishauri tukidondoshee ndimu, maana gamba la kweli litatoa povu, kioo hakitatoa.

"Mjomba, tone moja tu," nilimwambia.

"Tone moja la nini? Wewe usoni kwako nikikupaka ndimu utakubali?"

Ndimu ikaishia kwenye mchuzi. Tukatumia tochi ya simu. Mbele kilikuwa na ule mstari wa kujizungusha, lakini hiyo si hoja, maana na vya kuiga vinao. Nyuma ndiko kulikosema. Kulikuwa na mabaki ya kuta nyembamba zilizosagwa, zikizunguka kuelekea katikati bila kukatika, jinsi vyumba vya ndani ya gamba vinavyojipanga konokono anapokua. Kalibu ya kiwandani haihangaiki na mgongo kiasi hicho. Tundu limepanuka upande mmoja, upande ambao uzi ulivuta. Kwa miaka mingapi, na kwenye uso au shingo ya nani, mjomba hajui.

Nilimweleza habari za Burton. Alisikiliza, akauliza kama huyo mzungu alilipa hongo. Nikasema alilipa. Akaridhika sana.

Kisha nikamweleza habari ya dawa, ambayo nayo ni ndefu ila nitaifupisha. Katika maabara ya Baldomero Olivera, Mfilipino aliyehamia Utah, kijana aitwaye Michael McIntosh, akiwa ametoka tu sekondari, alitenga sehemu moja ya sumu ya Conus magus, mla samaki wa bahari za Asia. Sehemu hiyo inaziba mlango ambao neva zinautumia kupitisha taarifa ya maumivu. Ilichukua miaka zaidi ya 20, mpaka Desemba 2004, ndipo Marekani iliporuhusu dawa iliyotengenezwa kwa kuifuata, ziconotide. Haimo katika ukoo wa morfini. Inaingizwa kwa mrija kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo, kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa, na ina madhara ya akili yanayowafanya madaktari waende nayo kwa tahadhari. Ni ghali pia. Bibi alikufa na kansa. Miezi yake ya mwisho tulikuwa tunatafuta morfini ya maji kwa kupiga simu huku na huku, kwa hiyo sikumwambia mjomba kwamba kuna kitu kama hicho na kwamba kimetoka kwa ndugu wa huyu aliyemo kwenye kopo. Nilimwambia tu kuwa wazungu wanatengeneza dawa kwa sumu yake.

"Kwa hiyo huyu anauma?"

"Huyu wa kisahani hana neno sana. Ndugu yake ndiye anaua."

"Na wanafanana?"

"Wanafanana umbo, ila wana madoa tofauti."

Akakitazama tena kisahani, safari hii kwa kukishika pembeni kwa vidole viwili. Akasema waliokuwa wanawaokota huko mwambani walikuwa na kazi. Wala hakusema zaidi.

Wiki iliyopita binamu amenitumia ujumbe. Muuza vitu vya kale amepandisha, sasa ni laki mbili na ishirini, anataka picha ya upande wa nyuma. Nimempigia mjomba. Bati amezipata kwa korosho, kasema, lakini za upande mmoja tu wa nyumba. Picha ya nyuma hajakataa wala hajakubali. Kopo lipo palepale juu ya kabati.